Mlio wa Pili

Milembe aliikuta simu ya mezani chini ya kitambaa cha kufuma, juu ya stuli ya mninga, akainyanyua kwa waya wake wa kujikunja kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Mama mdogo," akaniuliza, "hii mlikuwa mnaichajia wapi?" Tulikuwa tumejazana sebuleni kwa mama mkubwa, Ngokolo, Shinyanga mjini, kumpongeza Milembe huyohuyo kwa kumaliza darasa la saba. Nikamwambia haichajiwi, inakula umeme kidogo unaokuja na waya uleule unaoleta sauti, ndiyo maana ilikuwa inaita hata mji mzima ukiwa gizani. Akanitazama kwa jicho la mtu anayedhani anatungiwa hadithi. Nililipenda jicho hilo, maana ni langu, sijui limemfikiaje. Baba yake hakuwamo mle ndani. Alikuwa barazani, amekaa upande ambao mtu wa sebuleni hawezi kumwona, anacheka na wanaume wenzake. Mama mkubwa alikuwa kwenye kochi lake, ameipa baraza mgongo. Mgeni angedhani hao wawili wamegombana. Mimi nilikuwa nasikia raha ambayo ni vigumu kuieleza, kwa sababu naukumbuka mwaka ambao ningetoa chochote kuiona migongo hiyo miwili katika nyumba moja.

Mwaka huo nilikuwa ndiyo nimetoka chuo kikuu. Nilirudi na shahada ya sosholojia, maboksi ya kopi za vitabu, na tabia ya kuuliza kwa nini. Kazi sikupata, kwa hiyo nikahamia kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyekuwa amebaki peke yake. Nilimuuliza mchungaji kwa nini Mungu aombewe mvua na si mabwawa. Nilimuuliza mama mkubwa mwenyewe nani alipitisha kwamba firigisi ni ya wanaume. "Minza," aliniambia siku moja akikata viazi vya kuanika michembe, "wewe ukiambiwa kumekucha unatoka nje kwanza kuhakikisha." Nikamwambia hilo si kosa, kuna siku mawingu yanadanganya. Akacheka, lakini kicheko chake cha mwaka ule kilikuwa kifupi, kilikatika kabla hakijafika machoni, na kila kilipokatika alitupia jicho stuli ya mninga.

Alikuwa anaingoja simu ya Kabula. Kabula ni binti yake wa pekee, na kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada, hakuna neno jingine. Alikuwa ameolewa na Sayi, kijana mrefu wa Mhunze, ambaye nakumbuka siku alipoletwa kujitambulisha. Katika ukoo wetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Alisalimia akiwa amechuchumaa nje ya mlango, kofia mkononi, uso kaugeuzia ukutani, na mama mkubwa akaitikia kutoka chumbani kupitia kwangu. Nilipouliza hii ni heshima gani ya kunyamaziana, mama mkubwa alinijibu, "Bora ipi, ya kwako ya kujibizana?" Baada ya harusi hao wawili wakaenda kutafuta maisha kwenye machimbo madogo upande wa Bugarama. Sayi aliingia duarani, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na Kabula akawa anawapikia. Mama mkubwa hakutaka. Siku wanaondoka nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikamsikia anamwambia mwanae mlangoni: "Nenda. Ila huko watu wanakozikwa wakiwa hai, kukikushinda usiniite." Yalikuwa maneno ya hofu, lakini yalitoka yamevaa nguo za laana, na nadhani aliliona hilo kabla hata Kabula hajafika barabarani.

Mwanzoni Kabula alipiga, kwa kununa, kisha bila kununa, na mara moja kwa furaha, kusema ana ujauzito. Halafu simu zao za mkononi, yake na ya Sayi, zikawa hazipatikani. Redio ikatangaza kwamba shimo limetitia huko machimboni, watu wamefukiwa, majina hayakutajwa. Tulimtuma ndugu yetu mmoja. Akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema kambi waliyokuwa wakikaa imehama, watu wametawanyika kufuata uvumi wa dhahabu mpya, na kule hakuna anayemjua mtu kwa jina alilopewa na mama yake. Kila mmoja ana jina la kambini. Mama mkubwa alimpa maji, akamshukuru, akaenda kuketi karibu na simu. Hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini anang'ang'ania simu ya waya wakati mji mzima una za mkononi. "Namba nyingine zote Kabula kaziweka ndani ya simu yake," alisema. "Simu ikipotea, nazo zimekwenda. Hii aliiimba akiwa chekechea, akifua, akitwanga. Hii imo kichwani."

Kisha zikaanza simu za kimya. Kengele ya kwanza haijaisha, mama mkubwa ameshanyakua mkono wa simu. "Halo? Kabula? Kabula, ng'wana wane, mwanangu, ni wewe?" Hakuna jibu. Pumzi tu, na nyuma ya pumzi kishindo kizito, du-du-du, kisichochoka. Halafu mtu anakata. Mama mkubwa alikuwa anabaki na simu sikioni kama aliyeshika kombe la bahari. Simu zile zilikuja na kuja tena, alasiri nyingi, wakati wa kuanua nguo. Jirani yetu Mama Zuhura, mwenyeji wa Kigoma aliyekuwa akiuza dagaa na kutuletea habari bure, alikuwa na maelezo tayari. "Hizo ni ngoma," alisema akichovya muhogo kwenye chumvi. "Mimi nimeshasikia ngoma za namna hiyo. Wenyewe, hao majini, wakimchukua mtu, wanapiga simu kwao kuhakikisha kama anatafutwa." Nikamuuliza wenyewe hao wanalipia simu kwa kitambulisho gani. "Cheka tu," akasema, "msomi hana woga mpaka giza limwite jina." Mimi nilikuwa na nadharia zangu: matapeli, au laini mbovu, au kijana mjinga aliyeona raha kumsikia mtu mzima akibembeleza. Hakuna hata moja iliyomsaidia mama mkubwa kula. Alikuwa anamega tonge, analizungusha kwenye mlenda, analirudisha.

Niliona dukani, jirani na soko, simu ya mezani yenye kioo kidogo kinachoonyesha namba ya anayepiga. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, nyepesi mno ukilinganisha na ile ya zamani. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina, na pembeni Kiingereza kilichochoka njiani. Nilifanya kazi ile mezani, mama mkubwa akinisimamia kama anayemsimamia daktari akimpasua mwanae. Waya mmoja uliingia ukutani, ule wa kujikunja ukaingia kwenye mkono wa simu. Ukikosea tundu, kimya. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha betri, kwa ajili ya kioo, kwa sababu sauti inapata umeme wake kwenye waya lakini kioo hakipati. Nikapanga saa na tarehe. Kisha tukafika kwenye milio. Nikabonyeza wa kwanza. "Huo wa baiskeli ya askirimu," alisema. Nikabonyeza mwingine. "Huo ni wa kitoto." Tulipita yote, tukarudi kwenye ule uliofanana na kengele ya zamani, akaridhika. Simu ya zamani hakuitupa. Aliifunga kwenye kanga akaiweka kabatini, chini ya mashuka, kama marehemu ambaye hatuna uhakika naye.

Simu ya kimya ikaja, kioo kikabaki tupu. Nikaenda ofisi ya simu. Msichana wa kaunta aliniuliza, bila ubaya, "Kumbe bado mnazitumia?" akanieleza kwamba kuonyeshwa namba ni huduma ya kuomba, akaniombea papo hapo. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Ikaja simu nyingine ya kimya, mama mkubwa akadaka, kioo kitupu. "Degree yako imeshindwa na kasimu?" Mama Zuhura akaniuliza. Nikamwambia atoke nje, asimame kwenye kamba ya nguo, apige kwa simu yake ya mkononi. Akapiga. Nilitaka kupokea, lakini mkono mmoja ulikuwa na unga, nikachelewa kuufuta. Mlio wa kwanza ukaisha, na kabla wa pili haujaanza, namba ya Mama Zuhura ikajipanga kwenye kioo, tarakimu moja baada ya nyingine, kama watoto wanaoingia darasani. Tukarudia, safari hii mama mkubwa akipokea. Hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoelewa. Namba ilikuwa inasafiri katika ule upenyo kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na mama mkubwa hakuwa ameuacha upenyo huo hata siku moja tangu Kabula apotee.

Kumwambia ilikuwa rahisi. Kufanya ndiko kulikokuwa na mwiba. "Nisubiri?" alisema. "Mwanangu aniite nisubiri?" Nikamwambia ni mlio mmoja tu, mama mkubwa, hata kikohozi ni kirefu zaidi. "Na akikata? Akidhani sipo? Akidhani nimekataa?" Neno hilo la mwisho lilitoka kwa sauti nyingine, na nikajua tuko mlangoni tena, siku ile ya kuondoka. Tulifanya mazoezi. Mama Zuhura, ambaye sasa alikuwa amesahau majini kabisa na kufurahia kazi, alipiga kutoka uani, na mama mkubwa akakaa mbele ya stuli amejikalia mikono, mikono yote miwili chini ya mapaja, midomo ikicheza. Mlio wa kwanza alikuwa anafumba macho. Nimesoma mengi kuhusu subira, mahubiri na nadharia, ila ninapolisikia neno lenyewe naona mwanamke mzima amekalia mikono yake.

Simu ya kimya ilipokuja tena alifumba macho, mlio ukapita, namba ikatokea. Akapokea, akaita jina, akapata pumzi na kishindo, simu ikakatwa. Lakini sasa tulikuwa na namba. Nikaipiga palepale, nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti ili wote wawili tusikie.

"Halo, hapa kwa Mangi, kuchaji simu, nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mtu mchangamfu, na du-du-du ileile nyuma yake. Nikamuuliza kwanza hiyo ni nini. "Karasha hiyo, dada, inasaga mawe. Huku ndiyo muziki wetu. Upo Bugarama au unapita?" Nikamwambia kuna mtu amepiga namba hii sasa hivi.

"Aa, yule bubu!" Mangi akacheka. "Yule nimemzoea. Anaazima simu yangu, anapiga, ikipokelewa tu anavua kofia, anachuchumaa, anageukia mabati ya kibanda. Anasikiliza. Halafu ananirudishia, ananipungia mkono wa shukrani, anaondoka kichwa chini. Nilimuuliza kama anapigia kanisani."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuuliza swali linalofuata. Mama mkubwa alikuwa ameketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi taratibu, mgongo kwenye kochi, na mkono mdomoni. "Ni mkwe," alisema.

"Mkwe gani?"

"Minza. Nani mwingine duniani anavua kofia akisikia sauti yangu?"

Nikasema, lakini si angesema tu, jambo kubwa kama hili, nani angemlaumu? "Aseme na nani?" alinijibu. "Kila akipiga napokea mimi." Na mimi, kwa ugonjwa wangu, nikauliza lile ambalo halikupaswa kuulizwa: kama alitaka kutuletea habari mbaya je? Mama mkubwa akanitazama, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaona macho yake yametangulia kucheka kabla ya mdomo. "Habari mbaya haipigiwi simu na mkwe. Habari mbaya inaletwa na wazee, kwa miguu yao. Wanakaribishwa, wanaketi, wanaomba maji kwanza. Mlango huu umeona mzee ameomba maji? Haujaona. Mwanangu yu hai." Niliikagua hoja hiyo kama nilivyofundishwa, nikaizunguka nikitafuta tundu. Haikuwa na tundu. Au labda, nasema leo, ilikuwa nalo, nami nikachoka kutafuta, na kuchoka kule kulikuwa kutamu.

"Halo? Mpo?" Mangi aliuliza. Nikamwambia tupo. Akirudi yule kijana amwambie kwamba mama mkwe hapokei tena, atapokea shemeji yake, Minza. "Sawa. Kwa hiyo si bubu?" Nikamwambia si bubu, ana adabu. "Haya," alisema Mangi, "huku hatujaizoea."

Kesho yake alasiri simu iliita tukiwa tumeshakaa. Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, ameipa simu mgongo, ameshika pazia. Mlio wa kwanza ukapita. Namba ya Mangi ikajipanga. Nikapokea, nikabonyeza kipaza sauti, nikasikia pumzi. "Sayi," nikasema, "wewe ni shemeji gani, unanipigia simu miezi yote hii kunipumulia tu? Majirani wanasema nimeposwa na jini."

Kilichotoka kule kilikuwa kicheko cha mtu aliyekuwa chini ya maji. "Shemeji! Minza! Jini mwenyewe angekukimbia, ungemuuliza cheti cha kuzaliwa. Ni wewe kweli? Na... mwenye nyumba yupo?"

"Yupo. Amekupa mgongo."

"Ahsante Mungu. Mwambie nimemwamkia, shikamoo."

"Anasema shikamoo," nikamwambia mama mkubwa, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwenye kipaza sauti.

"Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

"Nime..." Sayi akajizuia. "Ahsante, shemeji, umenifikishia."

Kisha akasema yote, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo begani. Simu zao ziliibiwa kambini. Shimo lililotitia halikuwa lao, walikuwa wameshahama. Kabula alipata shida ya ujauzito, akalazwa hospitali ya misheni, huku upande wa Kahama, daktari akasema asinyanyuke kitandani mpaka ajifungue. Namba pekee aliyoikumbuka ni hii, alimwimbia Sayi mpaka naye ikamwingia. Nikamuuliza kwa nini hakumwomba Mangi aseme kwa niaba yake. "Mangi mwanaume, shemeji. Amweleze mama mkwe wangu habari za tumbo la binti yake, nami nimesimama pale? Aibu ni ileile, nimeazima mdomo tu." Halafu akashusha sauti. "Kila siku nilidhani utapokea wewe. Kabula analia. Anamtaka mama yake, lakini anasema mama alimkataza kumwita."

Mama mkubwa aliliachia pazia. Nilimwona akigeuka, akaikaribia stuli mpaka ningeweza kuhesabu nyuzi za kanga yake, akasimama juu ya simu, akanitazama mimi, mimi tu, na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mama Zuhura: "Minza, mwambie huyo mtu kwamba mimi sikumkataza mwanangu. Woga ndio uliomkataza. Mwambie kesho asubuhi nipo hospitali, na Kabula aniite mpaka akauke koo."

Nilitaka kurudia. Haikuwa lazima. Kule Bugarama, mbele ya mabati ya kibanda, mtu alikuwa anavuta kamasi. "Mwambie," alisema Sayi, akishukuru kwa kikwetu, "wabeja sana."

Usiku wa safari nilimfungashia karanga, michembe na maziwa mgando. Akaondoka alfajiri. Nikabaki mwenyewe na ile sebule, na kwa siku zilizofuata mimi, niliyemfundisha mtu mzima kukalia mikono yake, sikuweza kwenda hata chooni bila kuacha mlango wazi. Nilipika uji, ukaungua. Nilisoma ukurasa mmoja mpaka ukachakaa. Simu ilipoita niliidaka, mlio wa kwanza haujaisha, nikapiga kelele, "Halo!" Ikaja sauti ya mama mkubwa, iliyochoka, iliyonyooka, haina mfupa hata mmoja wa hofu ndani yake. "Mbona umewahi? Namba umeiona?" Nikamwambia sikuiona. "Sasa umejuaje kama ni mimi?" Nikakiri sikujua. "Haya," alisema, na sasa nilimsikia anacheka mpaka mwisho, kicheko kikafika kote kinakofika, "dada yako amejifungua. Wa kike. Wote wazima. Jina Milembe. Baba yake yuko nje ya dirisha, amegeukia ukuta, nesi anadhani ana kichaa."

Nilikaa na simu ile sikioni baada ya yeye kukata, nikasikiliza mlio mrefu wa laini iliyo huru. Niliwahi kuuona kuwa sauti ya kuudhi. Siku ile nilikaa nao kama mtu anavyokaa mvua ikinyesha, naye yuko ndani.

Laini ilikatwa miaka mingi iliyopita, betri za kioo zimevuja, na simu imebaki pale stulini kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mama mkubwa aifunge kwenye kanga. Nilikuwa namweleza Milembe haya yote, naye akinikatiza kwa maswali, kwa nini hivi, kwa nini si vile, wakati simu ya mkononi ya bibi yake ilipoita mapajani. Mama mkubwa hakuigusa. Milembe akataka kuinyakua, nikamshika mkono. Mlio wa pili ulipoanza bibi yake akatazama kioo, akampa simu bila kugeuza shingo. "Pokea, ni baba yako."

Tulimsikia mara mbili, kwenye simu na kupitia dirishani. Milembe akamtazama bibi yake, akatazama dirisha, akanitazama mimi, na nililiona swali linampanda kooni. Akaliacha lishuke. "Bibi," akasema, "baba anasema wanaume wa barazani wanaomba waongezewe mchuzi, na anasema kuku wa leo hajapata kumla."

"Mwambie nimesikia."

Kabla Milembe hajafungua mdomo, kutoka barazani, mtu akauambia ukuta ahsante.